SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA: KUSOMA PICHA ZA MAJENGO NA MITAA YA ZAMANI

Somo hili ni la akina mama na akina baba wa madarasa ya kisomo ya Mpanda, Karema, Inyonga, Usevya na kila mahali mnakotusikia. Karibuni darasani. Wenye madaftari wayafungue, na aliyekaa mbali na redio asogee karibu.

Mmekwisha kujifunza kusoma barua, risiti na tangazo. Leo tutasoma kitu ambacho mara nyingi hakina hata herufi moja. Kitu hicho ni picha ya zamani: picha ya jengo, ya stesheni, ya kanisa, au ya mtaa wenye maduka.

Labda mzee mmoja atasema, "Mwalimu, picha hutazamwa tu. Isomwe vipi?" Ni swali zuri. Mtu akipata barua isiyo na jina wala tarehe, ataona maneno yote, lakini hatajua nani alimwandikia nani, wala habari ile ni ya jana au ya miaka 20 iliyopita. Picha ni vivyo hivyo. Waweza kuona jengo zima, mlango na madirisha yake, na watu waliosimama barazani, lakini usipate habari yake. Kuisoma picha maana yake ni kuiuliza maswali mpaka itoe habari.

Maswali yenyewe ni manne. Yaandikeni katika madaftari yenu:

1. Hapa ni wapi?
2. Ilikuwa lini?
3. Ni nani hawa, na nani aliwapiga picha?
4. Ni kitu gani kilichokuwapo lakini hakionekani?

Nitanyamaza kidogo mpate kuandika.

HAPA NI WAPI?

Tuanze na swali la kwanza. Ukipewa picha ya mtaa wa zamani, usianze kutafuta nyumba. Nyumba hubomolewa, huongezwa vyumba, hubadilishwa paa. Anza na vitu visivyohama. Tazama vilima nyuma ya picha. Tazama mto au ziwa. Kisha tazama miti mikubwa, reli na barabara. Majengo yatazamwe mwisho.

Tena tazama vivuli. Asubuhi jua liko mashariki, na kivuli huangukia magharibi. Kama mtu wa mahali hapo ajua kuwa picha ilipigwa asubuhi, kivuli kitamwonyesha mpiga picha alikuwa ameelekea upande gani.

Mfano ni mji wa Mpanda. Mji huu ulikua kwa sababu ya madini na reli. Katika miaka ya 1930 madini yalionekana katika sehemu hii, na baadaye kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals ikachimba risasi huko Mukwamba. Hapa sisemi risasi ya bunduki. Nasema risasi yenyewe, yaani madini mazito yanayotumika katika betri na vitu vingine. Madini mazito hayawezi kubebwa kichwani kupelekwa pwani. Kwa hiyo reli ilijengwa kutoka Kaliua, penye reli kubwa ya Tabora na Kigoma, mpaka Mpanda. Urefu wake ni kilomita 210 hivi, nayo ilimalizika mwaka 1950. Mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na mji ulibaki.

Basi mwenye picha ya Mpanda ya miaka ile aitafute reli kwanza. Reli ikionekana, kazi imekuwa nyepesi, maana njia yake yajulikana. Kutoka hapo mtu aweza kusema: stesheni iko upande huu, kwa hiyo Kashaulili ni kule, na Makanyagio ni kule.

Jambo jingine katika swali la "wapi" ni majina. Majina hubadilika. Kadi ya posta ya Wajerumani iliyoandikwa Bismarckburg ni ya Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Picha iliyoandikwa Albertville ni ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa, huko Kongo. Mtu asipojua hivyo aweza kuwa na picha ya mahali alipozaliwa bibi yake, naye akadhani ni ya Ulaya.

ILIKUWA LINI?

Sasa twendeni Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mahali hapa patatuonyesha kwa nini picha isiyo na mwaka yaweza kumdanganya mtu mwerevu.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliunda chama kilichoitwa Chama cha Kimataifa cha Afrika. Mwaka 1879 mjumbe wa chama hicho, Kapteni Cambier, alijenga kituo chenye ngome pale Karema. Alichagua mahali pa juu, karibu na maji. Mwaka 1885 Wabelgiji waliwaachia Mapadre Weupe ngome ile, ikawa misioni.

Basi fikirini kwamba kuna watu wawili wanaobishana. Mmoja amesoma maelezo ya mwaka 1879, naye asema, "Ngome ya Karema ilikuwa karibu na ziwa." Mwingine ana picha ya miaka ya baadaye. Katika picha hiyo ngome iko mbali na maji, na mbele yake ni uwanda mkavu. Huyu asema, "Maelezo yako ni ya uongo." Je, nani amesema kweli? Jadilianeni kidogo.

Wote wawili wamesema kweli. Sababu ni ziwa lenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kwa mto mmoja tu, nao ni Lukuga, ulio upande wa Kongo, penye mji wa Kalemie. Kwa muda mrefu mlango wa mto huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, na maji ya ziwa yakapanda. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kile kilivunjika, maji yakaanza kukimbia kwenda Kongo. Mpaka katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa mita 10 hivi. Ufuko ukahama, na ngome ikaachwa nchi kavu.

Hata baada ya hapo ziwa halikutulia. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zililipandisha, na mwaka 1964 maji yalikuwa juu sana. Katika miaka ya 2020 pia maji yalipanda, na watu wengi wa pwani ya ziwa waliona nyumba na bandari zikiingiliwa na maji.

Kwa hiyo picha ya Karema iliyoandikwa mwaka ni ushahidi mkubwa. Yaweza kumsaidia mtu anayetaka kujenga nyumba, gati au ghala, ajue maji yalipata kufika wapi. Picha ileile isipoandikwa mwaka huzusha ubishi tu.

Je, kama mwaka haukuandikwa tufanyeje? Tutafute dalili. Kama kuna stesheni ya Mpanda katika picha, haiwezi kuwa ya kabla ya reli. Kama kuna gari, tazameni aina yake. Kama kuna bendera, ulizeni ni ya nani. Bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961, na bendera ya Tanzania tuliyo nayo leo ni ya mwaka 1964. Msiandike mwaka mmoja kwa kubahatisha. Andikeni, "Baada ya mwaka 1950 na kabla ya mwaka 1961." Hiyo nayo ni habari nzuri.

NI NANI HAWA, NA NANI ALIWAPIGA PICHA?

Swali la tatu lina sehemu mbili. Tuanze na mpiga picha, ambaye haonekani.

Zamani kamera ilikuwa sanduku kubwa lililosimamishwa juu ya miguu mitatu. Picha ilinaswa juu ya kipande cha kioo chenye dawa. Vioo ni vizito, tena huvunjika. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ya namna hiyo ilibebwa na wapagazi kwa miguu kutoka pwani. Kwa hiyo waliokuwa na kamera walikuwa wachache: wamisionari, maofisa wa serikali, askari wa Kizungu, wasafiri, na wapiga picha wa biashara wa mijini.

Watu hao walipiga picha za vitu walivyovijali wao. Padre alipiga picha ya kanisa. Ofisa alipiga picha ya boma. Mhandisi alipiga picha ya daraja. Ndiyo sababu picha za maboma ni nyingi, na picha za jiko la mama au kilabu cha pombe ni chache. Si kwamba mambo hayo hayakuwapo. Mwenye kamera hakusimama hapo.

Sasa tuwatazame waliomo ndani ya picha. Chini ya picha nyingi za zamani limeandikwa jina la jengo, na jina la Mzungu aliyesimama katikati. Wale wengine wameandikwa "mafundi", au "wapagazi", au hawakuandikwa kabisa. Lakini matofali yale nani aliyafyatua? Mbao zile nani alizipasua? Walikuwa watu wenye majina, wake na watoto.

Mmoja wa watu wa Karema tunajua habari zake vizuri. Huyo ni Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto alikamatwa akauzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa mganga na katekista. Aliwatibu watu wa ufuko huu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67.

Kwa nini tunajua habari zake? Sababu moja ni hii: Atiman alijua kuandika, akaandika maisha yake mwenyewe. Maandishi hayo yalichapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Watu waliofanya kazi naye Karema walikuwa wengi, lakini wengi wao hawakupata nafasi ya kujifunza kuandika. Ninyi mnaonisikiliza mmeipata nafasi hiyo.

NI KITU GANI HAKIONEKANI?

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu jibu lake halimo katika picha.

Picha za mwanzo kabisa, za miaka ya 1840, zilitaka mtu atulie bila kutikisika kwa sekunde nyingi, hata dakika. Baadaye muda huo ulipungua sana, lakini aliyekuwa akitembea bado aliweza kutoka kama moshi tu. Kwa hiyo ukiona mtaa wa zamani mtupu, usiseme upesi kwamba haukuwa na watu. Labda walikuwa wakipita. Tazama chini, utaona pengine ukungu mdogo penye miguu yao.

Tena kuna nyumba zilizokuwapo lakini hazikudumu. Nyumba ya miti, udongo na nyasi hujengwa upya kila baada ya miaka michache. Boma la mawe hudumu. Mtu atakayetazama yaliyobaki tu atadhani kwamba zamani hapa palikuwa na boma na kanisa peke yake.

Na kuna majengo yaliyojengwa mara ya pili. Mwenye kupanda treni Mpanda akapita Kaliua hufika Tabora. Karibu na Tabora, mahali paitwapo Kwihara, kuna tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa la bapa. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwaka 1872. Lakini tembe unayoiona huko ilijengwa upya mwaka 1957, juu ya mahali pa ile ya zamani, iwe makumbusho. Anayepiga picha leo anapiga picha ya jengo la mwaka 1957. Asipoliandika hilo, wajukuu wake watadhani udongo ule ni ule uliomkinga Livingstone na mvua.

PICHA ZETU ZIKO WAPI?

Picha nyingi za nchi yetu ziko mbali. Mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin alifanya kazi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na picha zake nyingi zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani. Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, za kati ya mwaka 1860 na 1960. Picha hizo zimetunzwa, na nyingi zaweza kuonekana kwa mtandao.

Lakini picha nyingine hazimo katika hifadhi yoyote. Ziko Mpanda hapahapa, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, au ndani ya Biblia na misahafu, au ukutani juu ya kiti cha babu. Baba amesimama mbele ya stesheni. Mama amevaa gauni jipya mbele ya duka. Mtu akimtazama mama, nyuma yake kuna duka ambalo sasa halipo. Hiyo ni picha ya familia, na pia ni picha ya mtaa.

Picha hizo ziko hatarini, na hatari yenyewe si mchwa peke yake. Kijana aliyekuwa na miaka 20 treni ilipofika Mpanda mwaka 1950, akiwa hai leo, umri wake umepita miaka 90. Yeye akitazama picha ya wachimbaji aweza kusema, "Huyu ni fulani, na jengo hili lilikuwa ghala." Akiondoka, picha itabaki na nyuso zisizo na majina. Na picha isiyo na majina, siku ya kuhama nyumba, hutupwa.

Sheria nayo haitoshi kutufanyia kazi hii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya mwaka huo hulindwa likitangazwa na Waziri. Sasa pigeni hesabu. Ngome ya Karema ni ya mwaka 1879. Reli ya Mpanda ni ya mwaka 1950. Kwa mwaka peke yake, majengo ya mkoa wetu niliyoyataja leo hayaingii. Watu wakitaka jengo litangazwe, lazima waonyeshe thamani yake. Picha iliyoandikwa vizuri ni ushahidi wa kuonyesha.

KAZI YA NYUMBANI

Basi, kazi ya juma hili ni ndogo, lakini ina faida. Tafuta picha moja ya zamani nyumbani kwako au kwa jirani. Kisha fanya hivi:

Kwanza, nawa mikono na kuikausha. Shika picha pembeni, usiguse uso wake.

Pili, mpelekee mzee anayejua. Msalimu, keti, usimharakishe. Muulize maswali manne. Akisema, "Sikumbuki," muulize habari ya kilima au mti. Mara nyingi mahali hukumbusha jina.

Tatu, andika nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza. Usitumie kalamu ya wino, maana wino waweza kupenya hadi mbele. Andika mahali, mwaka, majina kutoka kushoto kwenda kulia, na jina la mzee aliyekueleza. Jambo lisilo na hakika liandikie neno "labda".

Nne, kama kuna simu yenye kamera, ipige picha hiyo kivulini bila kuwasha taa ya simu. Piga mbele, piga na nyuma palipoandikwa. Nakala ikipotea, ya asili ipo. Ya asili ikipotea, nakala ipo.

Tano, iweke ndani ya bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu pasipo jua. Usiibandike kwa gundi. Mtu akitaka kuichukua kuipeleka mbali, mpe nakala. Kama lazima achukue ya asili, aandike jina lake na tarehe katika daftari, kama mnavyofanya mtu akiazima jembe la ushirika.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini tunatazama vilima kabla ya nyumba?
2. Kwa nini ngome ya Karema ilikuwa karibu na maji mwaka 1879, na baadaye ikawa mbali?
3. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka gani, na ilijengwa kwa sababu gani?
4. Taja jengo moja la mtaani kwenu ambalo halipo tena. Nani katika darasa hili analikumbuka? Andikeni habari zake kwa sentensi tano.

Msaidizi wa darasa, swali la nne lisirukwe. Wale wanaokumbuka lakini hawajaweza kuandika vizuri, waseme, na mwenzao aandike. Daftari hilo litunzwe darasani.

Juma lijalo, saa hii hii, tutajifunza kuandika barua ya kuomba nakala ya picha kutoka ofisi ya kumbukumbu. Njoni na zile picha mlizokwisha kuziandika. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.